Kidonge cha Shemeji

Fundi alitembea kama kijana mpaka alipofika kwenye kona. Hapo akasimama, akakunja uso, akaanza kuchechemea, maana kuanzia hapo shemeji yake angeweza kumwona.

Kuchechemea si kazi ndogo kwa mtu mwenye furaha. Mara mbili alijisahau akabadilisha mguu.

"Pole, shemeji," Kinyozi alimpokea mlangoni. "Miguu bado?"

"Bado, ndugu yangu. Wewe je?"

"Mimi? Mwepesi kama unyoya!" Kinyozi akaruka kidogo kuthibitisha, kisha akashika kiti cha wateja kwa mikono miwili na kuanza kusifia hali ya hewa. Jasho lilimjaa usoni.

Walifanya kazi chumba kimoja: upande huu cherehani ya Fundi, upande ule kiti cha Kinyozi na kioo kikubwa cha ukutani. Kinyozi alikuwa kaka wa mke wa Fundi, na mashemeji hawa waligawana kila kitu, hata ugonjwa. Mishipa ya damu ya miguuni ilikuwa imewabana wote wawili. Wakitembea kidogo tu, misuli inakaza kwa maumivu, nao wanasimama na kujifanya wanatazama bidhaa za madukani.

Daktari mmoja alikuwa akijaribu dawa mpya. "Kwenye ukuta wa mshipa kuna vimeng'enya," aliwaeleza. "Ndivyo vinavyobomoa ukuta na kuujenga upya. Vikizidisha juhudi, ukuta unanenepa na njia ya damu inakuwa nyembamba. Dawa hii inavituliza."

Fundi alielewa papo hapo. Ni kama kushona bitana juu ya bitana ndani ya koti, mpaka mkono wa mtu haupiti.

Ila kulikuwa na sharti. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hakuna ambaye angejua kapata nini, hata daktari mwenyewe, hadi siku ya kupimwa.

Baada ya wiki chache Fundi akapanda ngazi za nyumbani kwake akiimba. Kinyozi bado alikuwa anasimama njiani kutazama madirisha. Hapo Fundi akajua nani ameangukia dawa, na furaha yake ikatumbukia nyongo.

Binti wa Kinyozi alikuwa anaolewa mwisho wa mwaka. Baba mtu alikuwa ameapa kumsindikiza kwa miguu yake mwenyewe, bila fimbo, kisha acheze mpaka viatu viombe msamaha. Suti yake ilikwisha kushonwa, inaning'inia juu ya cherehani.

"Mimi kazi yangu ni ya kukaa," Fundi alijiambia. "Yeye atacheza vipi?"

Basi kila asubuhi mchezo ukawa ule ule. Fundi anamimina chai, kila mmoja anaweka kidonge chake kwenye kisahani chake. Kinyozi anampa mgongo na kufuta kioo. Fundi, haraka haraka, anabadilisha vidonge, moyo ukimdunda kwa raha kama mtoto aliyeiba sukari. Kisha Kinyozi anageuka, na kila siku, bila kukosa, anaona kitu barabarani.

"Shemeji, mteja wako yule?"

Fundi anachungulia mlangoni. Hakuna mtu.

"Macho yako nayo yanataka daktari," anamtania, na wanameza vidonge kwa pamoja.

Cha ajabu, miguu ya Fundi haikurudi nyuma. Ilizidi kuwa mizuri. Alikata shauri kwamba dawa ya mwanzo bado imo mwilini, au pengine wema nao unapanua mishipa. Akawa anachechemea kwa bidii asije akashtukiwa. Na jinsi Kinyozi alivyozidi kujigamba kuhusu miguu yake, ndivyo Fundi alivyozidi kujifungia chooni, acheke peke yake kwa furaha.

Siku ya kupimwa ikafika. Muuguzi aliwapaka jeli baridi miguuni, akapitisha kipimo, daktari akatazama picha kwenye skrini. Fundi hakutulia kitandani.

"Hongera," daktari akasema. "Mshipa umefunguka vizuri sana. Damu inapita bila shida."

"Si nilijua!" Fundi akaruka chini, akamkumbatia shemeji yake shingoni. "Utacheza, bwana! Utacheza!"

"Nakuambia wewe, Fundi," daktari akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa na dawa. Mwenzako alikuwa na vidonge vitupu, na mishipa yake iko vile vile. Lakini asiwe na wasiwasi, dawa yenyewe anaanza leo hii."

Fundi akamwachia shemeji yake. "Haiwezekani! Daktari, mimi sijameza hata..." Akajiziba mdomo.

Kinyozi alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, ameushika mguu wake mbovu. "Shemeji, miaka yote tumekaa chumba kimoja, hujawahi kujiuliza kinyozi akikupa mgongo anatazama nini?"

Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Mteja wako yule?"

Na Fundi akageuka.