Uso wa Tisa

Msimamizi wa mafundi alimshikia ngazi, Hepzibah akapanda jukwaa la ujenzi mpaka kwenye upinde wa mawe juu ya mlango wa baa, kwenye pembe ya soko jipya la mji wa Halifax. Mumewe ndiye aliyechonga nyuso zote za mawe za upinde ule, mpaka vumbi likamla mapafu. Walikuwa wamemzika Jumanne. Uso wa tisa, wa mwanamke anayecheka, ulibaki na jicho moja.

Akaupapasa. Pua ilipinda kidogo, na meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Hepzibah akaugusa mwanya wa meno yake mwenyewe kwa ulimi.

"Hakuniambia."

"Alituapisha, shemeji. Alitaka uuone siku ya kufungua soko." Msimamizi akakohoa. "Kesho tunaondoa jukwaa. Nimlete fundi mwingine amalizie jicho? Walevi wa hapa hawana adabu, watakuita chongo mpaka ufe."

Hepzibah aliweka kiganja pale pasipochongwa, akakiacha hapo. Jiwe lilikuwa baridi.

"Huyo fundi mwingine, amewahi kuniona nikicheka?"

Msimamizi akatikisa kichwa.

"Basi waache waniite chongo," alisema Hepzibah, akaanza kushuka.