Ukurasa Usiotua Mzigo

Kompyuta iliganda, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa tena.

“Mama anatokwa damu! Kundi lake la damu ni lipi?” daktari alifoka.

Mbwana, aliyeutengeneza ukurasa wa wagonjwa kwenye kompyuta hiyo, aliliona kosa lake. Ukurasa ulikuwa bado umembeba kila mgonjwa aliyeitwa tangu asubuhi, kama mpagazi asiyejua kutua mzigo. Kuufunga na kuufungua upya kungeufanya mwepesi, lakini kungefuta foleni nzima.

“Funga, mwanangu,” alisema nesi Sikudhani.

“Na hawa wa nje, mama?”

“Nitawauliza.”

Mbwana akafunga, akafungua, akaanza kuandika jina la mgonjwa atafute kundi lake.

Nesi alitoka nje hadi barazani, walikosubiri wagonjwa. “Jamani, foleni imepotea. Nani alikuwa wa kwanza?”

Walitazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha vidole kwenye mlango wa upasuaji.