Kitone cha Tausi

Siku ile mjinga alikuwa Mahimbo mwenyewe, na ndiye fundi rada wa mtaa mzima. Sheria ilitaka kila paa liwe na rada ya kuwafuatilia wote wa nyumba kwa mpigo; asiyeonekana kwao siku tatu hufutwa katika familia. Ili chaneli zake kumi na sita zisawazishwe, mtu husimama uani kimya kama nguzo. Mahimbo alimsimamisha mkewe, Tausi, naye akaendelea kupepeta mchele; vipimo vikapinda, lakini Mahimbo akaona uvivu kurudia.

Siku ya tatu skrini ya rada ilionyesha kitone cha Tausi kiko kwa Chuma, jirani yao mgane. Mahimbo akamgeukia mkewe jikoni.

"Mama Nuru, kule unafuata nini? Saa sita usiku wanakufuta!"

"Baba Nuru, si niko hapa nakusongea ugali? Panda juu ukasawazishe upya."

Mahimbo alijua ni dakika kumi tu za kazi. Lakini macho hayakubanduka kwenye kile kitone cha kijani, kimetulia sebuleni kwa watu.

"Mashine itanidanganya ili ipate nini?"

Tausi akafunika sufuria. "Basi nenda kwa Chuma, mkeo wa huko akupakulie."