Lebo ya Waliofukuzwa

Bosi alimfukuza mwenzetu akiwa bado msibani kwa mama yake, kisha akajitwalia kompyuta yake mpya.

"Mashine ya yule iwekee lebo ya waliofukuzwa," akaniagiza.

Kwenye ukuta unaolinda mtandao wetu, mashine ikibandikwa lebo hiyo huingia yenyewe katika kundi la waliofungiwa mtandao. Ukuta hauulizi nani kaishika.

Nikavuta subira. Leo bosi kasimama mbele ya wenye kampuni na kompyuta ileile, stika aliyobandika binti wa mwenzetu ingali imeng'ang'ania kifunikoni.

Nikabonyeza, lebo ikaingia.

Kila ukurasa alioufungua ukagoma. Akanigeukia, jasho likimtiririka.

"Umefanya nini?"

"Ulichoniagiza, bosi," nikamjibu taratibu. "Hiyo si mashine ya yule?"