Hati ya Mamlaka

Hati yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, na Nizigama alikwisha kuisoma mara mbili. Jasho lilimtiririka mgongoni, ingawa ilikuwa Juni na Lilongwe nzima ilikuwa imejikunyata kwa baridi.

"Tunakungoja wewe, Bwana," alisema Bi Nyirongo, afisa wa itifaki wa Malawi. "Ni sawa au si sawa?"

Ng'ambo ya meza wageni wawili walikuwa wakimkazia macho. Wa kulia, Havyarimana, ndiye mjumbe aliyetumwa na serikali ya kwao kutia sahihi. Zamani alikuwa mkubwa wa Nizigama katika ofisi ya mikataba, kabla vita haijamgeuza Nizigama kuwa fundi cherehani wa kambi ya Dzaleka. Tangu aingie hakumsalimu, hata kwa kichwa. Wa kushoto alikuwa Kapteni Niyokwizera, mtu wa usalama. Yeye hakuwa na karatasi yoyote mbele yake.

Katikati ya meza yalilala mapatano ya kuwarudisha wakimbizi. Ibara ya tatu ilikuwa fupi: wote, ndani ya siku sitini.

Habari zilifika Dzaleka Jumatatu, na mafiga yakapoa. Kila mtu alikuwa na jirani aliyerudi nyumbani kwa hiari yake mwaka uliopita. Barua zao zilikoma wiki ya pili. Kisha jana mchana gari la serikali likaja kutafuta mtu wa kusoma Kifaransa, maana mkalimani wao alikuwa amelazwa hospitali ya Likuni. Mulenda, shemasi wa kambini kutoka Fizi, alivua koti lake akamvika Nizigama.

"We ndo macho yetu," alimwambia. "Kama iko kosa, hata kadogo, usilifumbie."

Louise, mke wa Nizigama, alimvuta pembeni. "Mama yako angali iko kule," alisema. "Ukiwakatalia mbele ya bantu, jina lako litafika nyumbani mbele yako."

Sasa maneno ya wote wawili yalikuwa yakigombana kichwani mwake.

Kazi ile aliijua. Rais au waziri wa mambo ya nje hutia sahihi mkataba bila kuulizwa kitu. Mtu mwingine yeyote sharti aje na hati ya mamlaka, inayosema wazi ametumwa kufanya nini. Asipokuwa nayo, sahihi yake ni wino tu.

Hati ya Havyarimana ilikuwa na muhuri wa kweli, na sahihi ya waziri ilikuwa ya kweli. Lakini mstari wa sita ulimpa mjumbe mamlaka ya kujadili mapatano na kuyakamilisha maandishi yake. Ukaishia hapo. Kutia sahihi hakukutajwa. Bi Nyirongo, asiyejua Kifaransa, asingeligundua pengo lile hata angelikodolea macho wiki nzima. Angenyamaza, nani angejua?

"Asome kwa sauti," Havyarimana alisema ghafla, kwa Kiingereza cha kujikwaa. "Neno kwa neno. Kesho asije akasema aliharakishwa."

Nizigama alimkumbuka mtu huyu ofisini, akimrudishia barua nzima kwa sababu ya koma moja. Mtu wa namna hiyo huangusha neno kwa bahati mbaya? Huu ni mtego, alijiambia. Wanataka kujua nani atathubutu.

Kapteni alitoa kijitabu mfukoni. "Huyu jina lake kamili nani?"

"Nizigama Eliezer," alijibu mwenyewe, akaitazama kalamu ikiliandika. Alimwona mama yake ameinamia maharage yake shambani. Akamwona Mulenda langoni Dzaleka, bila koti kwenye ule upepo.

Akaiweka hati mezani.

"Si sawa, Mama. Hati hii inamruhusu kujadili tu. Haimruhusu kutia sahihi."

Kapteni aliinuka hata kiti kikaanguka. "Mwongo! Mnamsikiliza mkimbizi?"

Bi Nyirongo aliinuka. Alivuta kamusi ya Kifaransa kutoka rafuni, akakaa, akafuata mstari wa sita kwa ncha ya penseli. Aliufuata tena. Kisha akafunga faili.

"Leo hakuna sahihi."

"Itakuja nyingine kwa faksi, leo hii!" alisema Kapteni.

"Faksi hatupokei. Tunataka hati yenyewe, yenye wino wake. Na waziri wetu anasafiri kesho asubuhi. Mtaandikiwa tarehe nyingine. Zikomo, asanteni."

Kapteni alitoka mbio kutafuta simu. Bi Nyirongo akachukua faili lake akaondoka. Nizigama alitoka nje ya chumba, na hapo akasikia viatu nyuma yake. Akaongeza mwendo. Viatu navyo vikaongeza. Penye ngazi mkono ulimkamata bega, ukamgeuza na kumbana ukutani.

Alikuwa Havyarimana.

"Ile hati nilipiga mi mwenyewe kwa mashine," alinong'ona kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa kwao. "Waziri hasomi anachotia sahihi. Siku tatu nilikuwa naomba Mungu, hapa tukute mutu anayejua kusoma."

Chini, sauti ya Kapteni ilikuwa ikifoka kwenye simu.

"Muke wangu na batoto balivuka mupaka juzi," alisema Havyarimana. "Niambie upesi, ndugu yangu. Kule Dzaleka, bantu banajiandikisha wapi?"