Cherehani ya Maftaha

Maiti ya Maftaha ilikuwa haijatoka ndani pale Likwata alipojitwika cherehani ya marehemu.

"Maiti hashoni!" alipiga kelele. "Hii sasa yangu. Maftaha, ukibisha amka tupigane!"

Waombolezaji wa mtaa wa Mtanda wakaangua kicheko. Likwata alikuwa Mwera wa Rondo, mtani wa marehemu, na mtani msibani haambiliki. Akibeba kitu, hukirudisha siku ya kuanua matanga, akishapewa hata kuku.

Sada, mjane, hakucheka wala hakulia. Tangu macho ya mumewe yaharibike, yeye ndiye aliyeshona kanzu zote chumbani, Maftaha akikaa mlangoni kupokea wateja. Bila ile cherehani hakuwa na njia nyingine ya kula.

Matanga yakaanuliwa. Likwata hakutokea.

Kila asubuhi jirani wa Sada, Mwanaheri, alimletea uji, akaupuliza mpaka upoe. Sada aliunywa bila kujua kama una sukari.

Sada akiwa bado edani, karani Ignasi wa Bomani, mgeni kutoka Bukoba, alipiga hodi. Mjane alibaki nyuma ya pazia, akaona kivuli kikivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Serikali imebadili sheria ya kodi. Mtu akitia mali yake katika biashara mpya ya mtu asiye ndugu yake, biashara hiyo haitozwi kodi mwaka mzima. Je, una mtu wa kukuinua?"

"Sina, mwanangu."

"Na vifaa vya marehemu?"

"Vilibebwa."

Karani akaaga taratibu.

Eda ilipokwisha, Mwanaheri alimvalisha buibui kama anamvalisha mtoto. "Twende sokoni ukamwone mwizi wako."

Kwenye kibanda kipya cha makuti alikaa Likwata, cherehani mbele yake, imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Karani Ignasi alikuwa amesimama pembeni, akimhoji.

"Cherehani hii mali yako kweli?"

"Waulize hawa."

"Yake!" watu wakadakia. "Aliibeba mchana kweupe, na hajairudisha!"

Sada akapiga hatua mbele, Mwanaheri akamshika mkono.

"Haya," karani akasema. "Na biashara ni ya nani?"

Likwata akainuka, akakipangusa kiti kwa shuka yake, akamwelekezea Sada kidevu.

"Ya yule mvivu pale. Shemeji, jua limepanda, wateja wanakungoja, na wewe unazurura tu!"