Gawio la Mzee Musafiri

"Shamba achukue mudogo wetu Bruno, mabati mugawane," Placide alisema mbele ya ukoo mzima, siku ya kuondoa matanga ya baba yao huko Wamaza. "Miye munipatie tu hisa za baba."

Wazee wakamsifu: mtoto wa kwanza, na hana tamaa! Placide akainamisha kichwa, huku anawacheka moyoni. Washamba hawa! Wabaki na muhogo wao.

Dada yake Léontine akashtuka. "Kaka, chukua shamba. Nakuomba."

Loo, ujanja wa mwanamke! Si ndiye aliyekuwa akiyachukua malipo ya hisa huko Kasongo, alikoolewa, na kumletea mzee kwa pikipiki? Bila shaka hisa alizitaka yeye. Jioni akamwita kaka yake pembeni. Placide akampa mgongo.

Ni kweli, zamani Placide alimcheka baba yake mpaka machozi. Mzee mzima anampa kijana mpita njia mbuzi wawili, ati ananunua hisa za kampuni kubwa ya simu na kompyuta huko Ulaya! Lakini gawio la kwanza lilipofika, kicheko kikamwisha. Tangu hapo Mzee Musafiri hakushikika. Léontine akimwekea wali na samaki, anasukuma sahani: "Miye nilishwe na mutoto mwanamuke? Kampuni yangu iko!" Na mwaka ule karanga zilipopanda bei, kampuni nayo ikaongeza.

Mvua zikaanza, Bruno akalima. Placide hakugusa jembe. Mwenye hisa ajipake udongo? Mke wake alipouliza watoto watakula nini, alimwita mjinga. Mbegu zilizobaki ndani akaziuza, akapanda pikipiki mpaka Kasongo kuchukua haki yake.

Alimkuta Léontine sokoni, ameketi nyuma ya beseni la karanga, vidole vyeusi kwa udongo. Placide hata hakumsalimu.

"Nipeleke kwenye biro ya kampuni, hiyo ofisi wanakolipia. Sasa hivi!"

Léontine alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Pale kwenye matanga sikuweza kumwaibisha baba mbele ya watu," akasema, akimsogezea kigoda kando ya beseni. "Kaa, kaka. Biro ndiyo hii."